Kilatini cha Ng'ambo ya Ukuta

Jumatatu, mvua ya kwanza

Nina miaka sabini na nane. Nimewazidi umri baba yangu, kaka zangu wote, mke wangu, mwanangu wa pekee, na makontrakta watatu walioniambia sitafika mbali. Zipo hata nyumba nilizojenga kwa mikono hii ambazo zimekufa kabla yangu, zimebomolewa na watu wasiojua jiwe. Meno yangu yaliyobaki ni machache lakini yanatafuna.

Daftari hili kanipa mjukuu wangu. "Babu, andika andika, mkono utalainika." Mimi niliishia darasa la tatu. Herufi zangu zimepinda kama kozi za matofali za fundi mlevi, ndiyo maana naandika nimeupa mlango mgongo. Mtu aliyejenga nusu ya mtaa huu haipendezi aonekane anaitafuta herufi kama mtu aliyeangusha sindano.

Humu ndani tuko watatu: mimi, mkwe wangu mjane wa marehemu mwanangu, na binti yao, huyo mjukuu. Mkwe anafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Mwisho wa muhula mtoto ana mtihani wa kuingia chuo cha ufamasia, na ndani yake kuna karatasi ya Kilatini. Akianguka, anaingia dobini na mama yake. Mama yake kasema mikono miwili iliyochubuliwa na dawa ya madoa inatosha kwa ukoo mmoja.

Sasa mwalimu wao wa Kilatini kahamishwa, hakuna mwingine. Mtoto kaja uso umemshuka. Nikamwambia, "Unalia nini na mimi nipo? Udogoni nilimshikia padri mshumaa. Yeye anasema Kilatini, mimi namjibu. Huyo mwalimu wako alikuwa hajazaliwa."

"Babu, ni vivumishi vya kundi la tatu."

"La tatu ndilo nililomaliza."

Hakucheka.

Jumanne

Mvua. Goti.

Alhamisi

Tumeanza. Mkwe akishakwenda zamu, meza inakuwa yetu. Kazi yangu kushika kitabu na kusikiliza. Mtoto anasimama, mikono nyuma, anaimba: fortis, fortis, forti, fortem, forti. Maana yake jasiri, mwenye nguvu. Halafu anatakiwa ataje maneno ya Kiingereza yaliyozaliwa na hilo. Akataja effort, yaani kujikaza, na comfort, kumtia mtu nguvu. Likaja gravis, yaani zito. Hilo limezaa gravity, ile nguvu inayolivuta tofali likuangukie. Hiyo naijua sana, ilinipitia kwenye kidole gumba.

Herufi za kitabu chenyewe ni mayai ya chawa. Miwani nilishaikataa mbele ya watu, siwezi kuirudia. Nilifuata mdundo tu, kama mtu anayesikiliza nyundo ya mwenzake. Akinyamaza nasema, "Safi. Endelea."

"Nimepatia, Babu?"

"Umempita padri."

Akanitazama kidogo. Sikuupenda ule mtazamo.

Jumamosi

Kwa kinyozi. Kaniuliza mbona sionekani jioni. Nikasema namfundisha mjukuu Kilatini. Mkasi ukasimama hewani.

"Kilatini? Cha kanisani?"

"Cha kanisani, cha dawa, chote."

"Tuonjeshe basi, Mzee," akasema mmoja wa kwenye benchi.

Nikawaonjesha: fortis, fortis, forti. Wakapiga makofi. Sasa naitwa Profesa. Akatokea mmoja, mdomo wake haukosi pa kuingia: "Lakini aliyesomea upadri si jirani yako, Karani?" Nikamwambia Karani aliusomea upadri ukamshinda, akaishia kuandika kesi mahakamani, na Kilatini chake kimeota kutu. Wakacheka sana. Nami nilicheka kuwashinda wote, lakini nilipofika kona ya kwetu kicheko kilikuwa kimenikauka mdomoni.

Jumapili

Mvua kutwa.

Jumatatu

Niandike habari ya ukuta, maana leo nimeutazama sana.

Uwanja wa Karani uko juu, wetu uko chini. Mvua za mwaka jana maji yake yalikuwa yanashuka kwangu na takataka zake. Nilimwambia achimbe mfereji. Akanijibu kwa ile sauti ya mahakamani, "Fundi, maji hayana mwenyewe." Kiangazi nikanyanyua ukuta katikati yetu. Timazi imelala sawasawa, kozi zimenyooka, mpita njia anasimama kuutazama. Ni kazi nzuri kuliko zote za uzeeni kwangu.

Fundi yeyote anajua ukuta wa mtelemko huachiwa matundu chini, maji yapite. Mimi sikuacha hata moja. Sikusahau.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kitu juu ya mtu anayejenga ukuta wenyewe kwa hasira.

Jumatano

Leo mtoto alikuja amewaka. "Babu, unajua hospitali ni Kilatini?"

"Hospitali ni pale anapofua mama yako."

"Ni hospitalis! Kivumishi cha kundi la tatu. Maana yake ya wageni. Zamani ilikuwa nyumba ya kupokea wageni, ndiyo baadaye ikawa ya wagonjwa. Na basi la abiria limetoka kwenye omnis, yaani wote. Omnibus, yaani kwa ajili ya wote. Wazungu wakakata kichwa wakabakiza mkia, bus, nasi tukauokota mkia."

Maisha yangu yote nimepanda mkia wa neno na sikuambiwa.

Akasema tena kwamba vivumishi hivi vinabadilika kumfuata anayesifiwa. Nikamwambia na sisi tunafanya hivyo hivyo: mtu mzito, jiwe zito, kitu kizito, mbao nzito. Akapiga makofi. "Babu, hilo hata…" Akakatisha.

"Hata nani?"

"Hata mwalimu hakulisema."

Mwalimu kahama. Hiyo "hata" yake iliniingia sikioni kama mdudu.

Alhamisi

Mvua. Ukuta upande wetu mkavu. Sikuchungulia upande wa pili.

Ijumaa

Nimejua.

Nilikwenda dukani kununua wembe, nikarudi kwa njia ya juu ambayo huwa siipiti. Mlangoni kwa Karani kulikuwa na kandambili za bluu, ya kushoto imefungwa kwa waya. Waya huo nilifunga mimi.

Nikasimama chini ya dirisha kama mwizi. Nikaisikia sauti yake: gravis, gravis, gravi. Karani akamkatiza, "Hapana, rudi. Hapo umekimbia." Mtoto akarudia. Akakosea, akasahihishwa, akacheka. Kwangu hajawahi kukosea hata siku moja. Hapo ndipo ningepaswa kuelewa. Badala yake nikapandwa na mori.

Niliusukuma mlango. Chumba cha Karani ni kitanda, meza, na vitabu ndani ya maboksi sakafuni. Katikati ya meza kulikuwa na kamusi nene. Nikamwambia mtoto, "Inuka." Nikamwambia Karani maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika, na siyo kwa sababu ya herufi. Nilimwita padri aliyekataliwa hata na sanamu. Nilimwuliza kama amekosa watoto wake hata aibe wa mwenzake. Hana watoto. Hilo nalijua.

Karani hakuinuka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Fundi," akasema, "mtoto ana mtihani. Mimi na wewe hatuna."

"Mtoto ana mwalimu wake nyumbani!"

Mjukuu wangu alikuwa anatazama sakafu. Nilifuata macho yake. Sakafu ilikuwa na ukungu wa unyevu, na maboksi yalikuwa yamepandishwa juu ya matofali. Nililiona hilo. Nililiona vizuri kabisa, nikaondoka na mtoto.

Nimempiga marufuku kurudi. Mama yake alisikia. Alikunja shuka moja mara nyingi kuliko shuka linavyokunjika.

Jumamosi

Sikwenda kwa kinyozi.

Jumatatu

Mvua. Tumesoma. Safi.

Jumanne

Mvua. Tumesoma. Safi.

Ijumaa

Nitaandika hili na halitafutwa.

Jioni mtoto alisimama, mikono nyuma kama kawaida. Akasema leo ana neno jipya. Akaanza, polepole, kwa ule mdundo wenyewe:

"Sabunis, sabunis, sabuni, sabunem, sabuni."

Nilisikia sabuni. Sitadanganya, nilisikia. Lakini nilijiambia, kumbe Warumi nao walifua. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi.

"Safi. Endelea."

"Sabunes, sabunium, sabunibus," akasema. Sauti ilianza kumkatika. "Nimepatia, Babu?"

"Umempita padri."

Nilidhani atacheka. Laiti angecheka. Alinitoa kitabu mkononi, taratibu, kama unavyomtoa mtoto kisu. "Babu, hiyo ni sabuni ya mama. Hiyo ya mche." Akainama. "Nilikuwa naomba ugundue."

Akaenda kulala bila kuzima taa, nami sikuizima.

Ningetamani dunia ipasuke inimeze, ila dunia yenyewe imelowa. Nimekaa na mikono yangu mezani. Mikono hii ilisimamisha mnara wa maji. Jioni hii imeshika kitabu cha mtoto na kumzamisha nacho. Kila "safi" niliyosema tangu mwanzo wa mvua ilikuwa ya kujisafisha mimi.

Jumamosi

Mvua haikukata.

Jumapili

Kulipopambazuka mkwe wangu alikuwa amerudi zamu, kalowa chapachapa, kasimama uani anautazama ukuta. Ukuta ulikuwa unatoka jasho. Kwa juu tuliona maji yamefika nusu ya mlango wa Karani. Mtoto alishatoka mbio, tukamsikia ng'ambo akiita, "Karani! Kamusi! Iko wapi kamusi!"

Mkwe wangu hajawahi kuniinulia sauti tangu aolewe, na leo pia hakuinua.

"Baba, ukuta huu uliuachia matundu mangapi?"

Nilikwenda chini ya kitanda nikatoa nyundo na tindo.

Saruji yangu ni ngumu. Siku zote nimejisifia hilo, na leo lilinirudi. Nilipiga magoti kwenye tope, kila pigo linapanda hadi begani. Pumzi ilikuwa inanipiga chenga. Kutoka ng'ambo nikasikia mtu anajikokota majini, akasimama usawa wangu.

"Fundi?"

"Naam."

"Ni wewe unayegonga?"

"Ni mimi."

"Toboa chini zaidi. Hapo maji yatapita mwezi ujao."

Karani wa mahakama ananifundisha mimi pa kutoboa ukuta! Na alikuwa kasema kweli, kwa sababu nilianzia juu nisichafuke. Nikashuka chini zaidi, kifua karibu na ardhi. Tindo lilipopenya, maji yalinirukia usoni kama ng'ombe aliyefungwa siku nzima. Yakapita mabegani, yakaingia uani kwetu, yakaingia chumbani kwangu, yakachukua hata viatu vya mtoto. Nikatoboa tundu la pili. Nikatoboa la tatu. Upande ule maji yakaanza kushuka na nilimsikia Karani anahema.

Kupitia tundu nikasema, "Karani, sikusahau kuyaacha."

"Nilijua," akasema. "Nimeandika kesi za watu miaka mingi, Fundi. Aliyesahau huja kuomba radhi siku ya kwanza."

Jumatatu

Chumba chake hakikaliki. Mkwe aliniangalia, mtoto aliniangalia. Nikatoka, nikapita ile njia ya juu, nikagonga mlango ambao wiki ile niliusukuma.

"Karani, kuna kitanda kwetu. Nacho kimelowa, ila kimelowa kidogo."

Alikuja na boksi moja na kamusi ndani ya taulo.

Jumanne

Mkwe wangu anapiga pasi kamusi ya Kilatini. Anaweka kitambaa, anashusha pasi ya vuguvugu, anainua, anafunua ukurasa. Huyu mwanamke ananyoosha mashuka ya hospitali nzima na hakuna aliyewahi kusimama kumtazama. Leo tulisimama wote. Kurasa za mwisho zimegandamana, hazifunguki. Karani kasema haidhuru, za mwisho anazo kichwani. Macho yake hayakusema haidhuru.

Jumatano

Wanasoma mezani kwangu. Mimi nipo kwenye kigoda mlangoni. Sishiki kitabu.

Karani si mwalimu mpole. "Rudi. Umelala. Rudi tena." Fragilis ni chenye kuvunjika, ndilo lile neno linalobandikwa kwenye maboksi ya vioo, nilidhani ni jina la kampuni. Stabilis ni kilichosimama imara. Humilis ni kinyenyekevu, na limetoka kwenye humus, udongo. Mtu wa humilis ni aliye karibu na ardhi. Juzi nililala kifudifudi kwenye tope lenyewe na hakuna aliyeniambia kwamba hilo lilikuwa somo.

Ijumaa

Wamefika kwenye maneno ya kurasa zilizogandamana. Mtoto akauliza, "Turpis?"

Karani akafumba macho kulitafuta. "Turpis. Kibaya cha kumtia mtu aibu. Kiingereza kimepata turpitude, tulikuwa tunaliandika mahakamani kwenye makosa ya mtu mzima mwenye akili zake."

"Nipe mfano, Karani."

Karani alinitazama, halafu akaanza kutafuta kitu cha kusingizia, wezi, wala rushwa. Alikuwa ananihifadhi, ndani ya nyumba yangu, mtu niliyemzamishia vitabu. Hilo sikuliweza.

"Mfano ninao mimi," nikasema kutoka mlangoni. "Andika: babu aliyesema safi."

Mtoto aliinamisha kichwa. Kalamu haikutembea. Karani akakohoa. "Endelea," akamwambia, "similis."

Jumamosi

Mvua ndogo.

Jumatano

Mtihani. Aliondoka asubuhi na kandambili zake zenye waya, viatu vya maana vilikwenda na maji. Nilitaka kumsindikiza. "Baki tu, Babu," akasema. Nikabaki.

Aliporudi alisema vivumishi vilikuwa vyepesi. Kutafsiri hakumaliza. Zile siku nilizomfungia ndani ndizo walizopanga kusoma tafsiri. Yeye hakulisema hivyo, nimepiga hesabu mwenyewe.

Jumatatu, jua

Mvua zimekata. Karani karudi kwake. Nimemsakafia chumba upya na kukipandisha kimo cha tofali moja. Alisimama pale akinielekeza, na nilimwacha anielekeze.

Alhamisi

Majibu yametoka. Amepita kwa kuchechemea, kama mimi ninavyotembea. Vivumishi amepata vizuri sana, tafsiri ameanguka. Chuo kimemchukua kwa sharti: tafsiri atairudia muhula wa kwanza, na akishindwa wanamrudisha nyumbani. Mama yake kalia ndani ya shuka la watu. Mtoto kamkumbatia mama, akavuka kwenda kumkumbatia Karani. Kwangu alikuja wa mwisho, akanishika mkono. Sikudai zaidi.

Jumamosi

Nilikwenda kwa kinyozi. Benchi lote liliinuka. "Profesa! Mjukuu kapita! Tuonjeshe tena!" Kiti nilipangusiwa kwa taulo safi.

Kukaa ingekuwa rahisi. Mwili wenyewe ulishaanza kukaa.

Nikasema, "Sijui Kilatini. Sijapata kukijua. Kwa padri nilikuwa naitikia kama kasuku. Aliyemfundisha ni Karani, na nilimkataza, nikamtukana, na maji yaliyoharibu kamusi yake niliyazuia mimi kwa ukuta. Mtoto angepita bila sharti kama si mimi."

Redio ilikuwa inaongea peke yake. Yule mwenye mdomo alitazama kucha zake.

"Basi kaa, Mzee," akasema kinyozi mwishowe. Hakuniita Profesa. "Nikunyoe."

Jumapili

Kurasa zimekwisha na mvua pia. Habari hizi nimeziandika mimi, kwa herufi zangu zilizopinda. Asiyeamini habari ya sabuni amuulize mjukuu wangu, ingawa nadhani atanificha. Habari ya pasi amuulize mkwe wangu. Na yote yaliyobaki akamuulize Karani, nyumba ya juu. Huyo hanipendi kiasi cha kunidanganyia. Atasema matundu nilianza kuyatoboa juu mno, na itakuwa kweli.